Darasa la Rangi za Mafuta Gangilonga: Kujifunza kwa Kunakili Kazi ya Raphael

Kwa mkazi wa Iringa anayetaka kujifunza kuchora sura ya mtu kwa rangi za mafuta, ninapendekeza darasa la Jumamosi linalofanyika katika nyumba moja mtaa wa Gangilonga, hasa kwa sababu ya kazi ambayo mwalimu ameichagua iwe kielelezo. Ni picha ya Baldassare Castiglione, mwandishi na mwanadiplomasia wa Italia, iliyochorwa na mchoraji Raphael wa nchi hiyo hiyo mnamo 1514 hadi 1515, na ambayo sasa imo katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Mchoraji Rubens aliinakili, na mchoraji mwenzake Rembrandt, alipoiona mnadani Amsterdam mwaka 1639, aliichora upesi kwa kalamu.

Uteuzi huo una busara kubwa. Castiglione amevaa nguo nyeusi, za kijivu na nyeupe, na nyuma yake pana rangi ya udongo iliyopoa, kwa hiyo mwanafunzi hana rangi kali za kumfichia udhaifu. Analazimika kutazama mwanga unapoishia shavuni na kivuli kinapoanzia. Mwalimu huanza na safu nyembamba ya kahawia iliyozimuliwa kwa tapentaini, akaijenga sura nzima kwa giza na mwanga pekee, ndipo rangi ya ngozi ifuate. Anasisitiza, na kwa haki kabisa, kwamba kila safu iwe na mafuta ya kitani mengi kuliko iliyo chini yake, kwa kuwa safu ya juu ikitangulia kukauka, picha hupasuka baadaye.

Ratiba, hata hivyo, inahitaji marekebisho. Rangi ya mafuta hukauka kwa kufyonza oksijeni ya hewani, na baridi huchelewesha kazi hiyo. Kwa baridi ya Iringa ya Juni na Julai, wiki moja kati ya kipindi na kipindi ni fupi mno, na brashi huibua kahawia ya chini. Nakala zilizochapishwa za picha hiyo, ambazo wanafunzi huzitazama, nazo ni hafifu, maana vivuli vya ndevuni vimegeuka weusi mtupu. Vifaa vinatosha.

Ninachokiomba zaidi ni kwamba kozi isiishie kwa Castiglione. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kwa namna yake, ikionyesha mng'ao mkali kwenye paji la uso na hata ubuluu wa anga la dirishani, mambo ambayo picha ya Raphael haiwezi kuyafundisha. Mwalimu akiongeza vipindi viwili vya kumchora mtu aliyeketi mbele ya darasa, nitajiandikisha tena.