Tahadhari kuhusu wanaoweka viwanja vya nyasi bandia Syokimau, Mlolongo na Kitengela

Ndugu majirani, tahadhari hii inamhusu kila mwenye nyumba katika mitaa yetu ya nyumba za safu hapa nje kidogo ya Nairobi anayefikiria kuwawekea watoto kiwanja kidogo cha michezo cha nyasi bandia uani. Lipo kundi la mafundi wanaopita lango kwa lango wakiwa na vipande vya sampuli vinavyopendeza na picha nyingi kwenye simu, ambao wamechukua fedha zangu na za baadhi ya majirani na kutuachia kazi iliyofumuka mvua za masika zilipoanza. Jina wanalotumia leo huenda silo watakalolitumia kwako, kwa hiyo ninaeleza jinsi wanavyofanya kazi.

Wizi wenyewe hauonekani, kwa sababu umefunikwa na nyasi. Sehemu kubwa ya eneo letu ina udongo mweusi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka, na chochote kinachotandazwa juu yake bila msingi hupanda na kushuka pamoja nao. Kiwanja kinachofaa huchimbwa kwanza udongo huo ukaondolewa, kikatandikwa kitambaa cha kutenganisha udongo na mawe, kikajazwa kokoto zilizopondwa na kushindiliwa kwa mashine tabaka kwa tabaka, kikamaliziwa kwa vumbi la mawe lililosawazishwa kwa mteremko wa angalau sentimita 1 kwa kila mita ili maji yapate njia. Wao hukwangua majani, humwaga mchanga kidogo, huukanyaga kwa miguu na kutandika nyasi siku hiyo hiyo. Kwa wiki za kwanza kazi hupendeza kabisa, na ndiyo maana mwenye nyumba humaliza malipo kwa furaha. Mvua ikija, maji husimama, maungio huachana, na katikati huinuka kivimbe ambacho mtoto anayekimbiza mpira anaweza kujikwaa na kuvunjika mkono.

Hesabu ya kuwagundua ni nyepesi, nami naomba kila mtu aifanye kabla ya kulipa. Ua wa mita 6 kwa 8 una mita za mraba 48. Msingi wa kokoto wenye kina cha sentimita 10 tu unahitaji karibu mita 5 za ujazo, yaani takriban tani 7 au 8 za mawe. Mzigo huo huletwa na lori. Fundi aliyefika na pikapu moja iliyobeba roli za nyasi, mifuko michache ya mchanga na vijana wanne hakuleta msingi, hata kama kwenye karatasi yake ya bei umeandikwa na kutozwa.

Nyasi zenyewe pia hubadilishwa. Sampuli utakayoshikishwa ni nzito, imeshonwa kwa msongamano na ina kitako kigumu chenye matundu ya kupitisha maji. Roli zinazoletwa ni nyepesi, na ukizikunja unaona kitako cheusi kati ya mishono. Muhimu zaidi ni kinga dhidi ya miali ya jua, ambayo haionekani kwa macho. Katika nyanda hizi zilizo karibu na Ikweta, nyuzi zisizo na kinga hupauka, hukauka na kukatika vipande vidogo ambavyo huishia kwenye viatu vya watoto na kwenye mitaro. Ikateni sampuli mliyoonyeshwa vipande viwili, wewe na fundi mtie sahihi nyuma ya kila kipande, nawe ubaki na kimoja. Siku roli zinapofika, linganisha kabla hazijashushwa.

Ahadi zao nazo zichunguzwe kwa futi ya kupimia. Kuna mama mmoja mtaani kwetu aliyeahidiwa kiwanja cha padel, mchezo wa raketi unaofanana na tenisi, ilhali kiwanja hicho kina mita 20 kwa 10, kikubwa kuliko kiwanja chote cha nyumba yake. Wengine tuliambiwa kwamba nyasi hizo hizo ndefu zitafaa kwa soka na mpira wa kikapu, jambo lisilowezekana, kwa kuwa mpira wa kikapu haudundi vizuri juu ya nyasi ndefu. Lililoniumiza zaidi ni kwamba kwa jirani mmoja walifunika kwa gundi mfuniko wa shimo la ukaguzi wa maji taka, na bomba lilipoziba ilibidi kiwanja kikatwe vipande ili fundi wa mabomba afike chini.

Kuhusu malipo, watadai sehemu kubwa ya fedha mapema, wakisema shehena iko Mombasa inasubiri kutolewa, na nambari watakayokupa ni ya M-Pesa ya mtu binafsi ambaye jina lake halimo popote kwenye karatasi ya bei wala kwenye ile karatasi ya dhamana ya miaka 10. Usitume. Tafuta usajili wa kampuni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, lipa kwa akaunti yenye jina hilo hilo, na ugawe malipo kwa hatua: arbuni ndogo, kisha fungu linalotolewa baada ya wewe mwenyewe kuuona na kuupiga picha msingi ulioshindiliwa kabla haujafunikwa, na salio libaki hadi ukimwagie kiwanja maji kwa mpira wa bomba na kuyaona yakiondoka. Fundi mwaminifu hukubali masharti haya bila manung'uniko, nami nawajua wawili waliokubali.

Mliokwisha kutapeliwa, msikae kimya. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya hadi shilingi 1,000,000, hailazimu kuwa na wakili, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60 tangu shauri kufunguliwa. Hifadhini jumbe za M-Pesa, karatasi za bei, mazungumzo ya WhatsApp na picha za kazi, na msiruhusu mtu yeyote kuing'oa nyasi hiyo kabla msingi uliokosekana haujapigwa picha mbele ya shahidi.