Waya wa SATA na gemu zinazochelewa kufunguka: upi ununue, upi uuache dukani

Ukiingia duka la vifaa vya kompyuta ukalalamika kwamba gemu zinachelewa kufunguka, utauziwa SSD, diski ya kisasa isiyo na sehemu inayozunguka. Mara nyingi ushauri huo ni sahihi. Lakini kuna mwenye SSD tayari, au mwenye hadidiski iliyokuwa ikienda vizuri hadi juzi, na sasa gemu inafika katikati ya kupakia inaganda, inaruka mbele kidogo, inaganda tena. Huyo asifungue pochi kabla ya kuuangalia waya wa SATA, ule waya bapa wa data unaotoka kwenye diski kwenda kwenye madabodi. Bei yake haifiki hata robo ya SSD, na ukilegea unaweza kuifanya SSD mpya iende vibaya kuliko hadidiski ya zamani.

Kinachotokea ni hiki. Kila fungu la data linalopita kwenye waya huwa na namba ya kuhakiki, CRC. Namba isipolingana, fungu hutupwa na kuombwa upya. Makosa yakizidi, mawasiliano hukatwa na kuanzishwa tena, na spidi inaweza kushushwa kutoka gigabiti 6 kwa sekunde hadi 3, au 1.5. Kushuka huko peke yake hukuoni sana: SATA ya gigabiti 3 bado hupitisha karibu megabaiti 300 kwa sekunde, na gemu nyingi hazifikii hapo kwa sababu husoma vipande vidogovidogo maelfu. Kinachoumiza ni yale makato. Kipande kimoja kikikwama, gemu nzima inasubiri, na kila kukatika na kuunganishwa upya kunakula sekunde kadhaa. Filamu unaweza kuitazama kwenye diski hiyohiyo bila kugundua chochote, kwani kichezeshi husoma mbele na kuweka akiba.

Kabla ya kununua, thibitisha. Pakua CrystalDiskInfo, ni ya bure. Kwenye orodha tafuta mstari wa C7, makosa ya CRC. Programu hiyo kwa kawaida huonyesha thamani ghafi kwa tarakimu za heksi, yaani hesabu inayokwenda kwa kumi na sita badala ya kumi, kwa hiyo 1A inayoonekana pale ni 26, na wengi hapo husoma vibaya. Unaweza kuibadilisha iwe desimali kwenye menyu ya vipengele vya ziada. Halafu jambo la muhimu kuliko yote: hesabu ya C7 hairudi sifuri maisha. Diski ya mtumba inaweza kuja na mia tatu zilizotokana na waya uliotupwa zamani. Andika namba uliyoikuta, nakili faili kubwa la gigabaiti 20 au 30 kwenda na kutoka kwenye diski hiyo, fungua gemu yako mara mbili, kisha angalia tena. Ikipanda, tatizo liko njiani kati ya diski na madabodi. Isipopanda, waya wako hauna hatia, rudisha hela mfukoni.

Wakati uko hapo, tazama pia mistari ya 05, C5 na C6, inayohesabu sehemu mbovu za diski. Hizo zikiwa na namba inayoongezeka, diski yenyewe inakufa. Hamisha vitu vyako kwanza, mengine baadaye. Kwenye Task Manager ya Windows dalili za magonjwa haya mawili hufanana: diski inaonyesha asilimia 100 huku data inayopita ni kilobaiti chache, na muda wa kujibu ni maelfu ya milisekunde. Ndiyo maana Task Manager pekee haitoshi. Kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, sehemu ya System, tafuta tukio namba 129 la storahci (draiva ya diski za SATA), maana yake diski imelazimika kuanzishwa upya, na namba 153, maana yake usomaji umerudiwa. Ukikuta 129 nyingi lakini C7 imetulia, zima kwanza uokoaji umeme wa kiungo cha AHCI (mfumo ambao kompyuta hutumia kuwasiliana na diski za SATA) kwenye mipangilio ya nishati, au angalia waya wa umeme. Anayetumia Linux ana kazi rahisi zaidi: amri ya dmesg itamwambia waziwazi kama spidi imeshushwa, na ile ya smartctl itampa C7 kama namba 199.

Si kila ucheleweshaji ni wa diski, tukumbushane. GTA Online ilisumbua watu kwa miaka kwa kupakia dakika nzima nzima, hata kwenye SSD nzuri, hadi 2021 mtaalamu mmoja wa programu alipoonyesha kuwa prosesa ilikuwa inapoteza muda kusoma faili moja la orodha la takriban megabaiti 10. Rockstar wakarekebisha. Hakuna waya ambao ungeponya hilo.

Sasa nyaya zenyewe.

Unaouzwa zaidi, na tunaoupa alama za chini kabisa, ni ule mwekundu au mweusi usio na klipu, unaokuja kwenye kijifuko cha plastiki bila jina. Ndani yake hauna kasoro ya ajabu: pini saba, tatu za ardhi na nne za data, sawa na nyingine zote. Rangi haina maana yoyote, wala maandishi ya "6Gb/s" yaliyochapwa ubavuni hayauongezei spidi. Waya wa SATA wa vizazi vyote vitatu ni uleule. Shida yake ni mshiko. Unakaa kwa msuguano tu, na kompyuta ikihamishwa meza au feni ikianza kutetema, kichwa kinatoka nusu milimita. Nusu milimita inatosha kuleta makosa ya CRC bila diski kupotea, na hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote, kwa sababu kila kitu kinaonekana kinafanya kazi.

Mashine za Dell na HP za mtumba zinazoitwa "ex-UK" madukani kwetu, yaani zilizotumika Uingereza, zina taabu hii zaidi. Viunganishi vya ndani vya SATA vimekadiriwa kuvumilia kuchomekwa na kuchomolewa mara 50 hivi. Mashine iliyotolewa diski ofisini kwao, ikajaribiwa bandarini, ikajaribiwa tena dukani kwa diski nne tofauti kabla ya kuuzwa, imeshatumia sehemu ya umri huo.

Chaguo letu ni waya wenye klipu ya chuma pande zote mbili, wa sentimita 45 au 50. Dukani omba uuone nje ya kifuko. Bonyeza klipu: inapaswa kurudi yenyewe kwa nguvu. Chungulia ndani ya kichwa. Nyaya bora zina vinundu vidogo ndani vinavyobana hata pale diski isipokuwa na sehemu ya klipu kushika. Hili si jambo dogo, kwani zipo diski zisizo na kishikio hicho, na waya wa klipu usio na vinundu hulegea juu yake kuliko hata ule mwekundu wa bei chee. Ukishauchomeka unapaswa kusikia "tik", na ukiuvuta taratibu bila kubonyeza klipu usisogee. Nyaya zinazokuja ndani ya boksi la madabodi mpya za ASUS, Gigabyte au MSI kwa kawaida ni za aina hii, na mafundi wengi wanazo droo nzima. Uliza kabla hujanunua.

Wenye kona ya digrii 90 upande mmoja tunaupenda kwa kompyuta nyembamba ambako mfuniko wa pembeni unakandamiza waya. Kona iende upande wa diski, kichwa kilichonyooka kiende kwenye madabodi, kwa sababu kona kwenye madabodi huziba poti ya jirani. Angalia pia inaelekea juu au chini. Ukikosea, kwenye diski mbili zilizopangwa kwa kubebana haitaingia.

Waya wa mita moja uache. Mita moja ndiyo kikomo cha SATA, na huna haja ya kucheza kwenye kikomo. Zile za kurefusha, zenye data na umeme pamoja, zinaongeza kiungo kingine cha kulegea. Tunazikataa moja kwa moja. Adapta ya kutoa umeme kwenye Molex (plagi ya zamani ya pini nne) kwenda SATA nayo ina hatari yake: epuka ile ambayo kichwa chake cha plastiki kimemiminwa kizima juu ya nyaya, maana ndani nyaya zinaweza kugusana na kuna zilizoshika moto. Chukua ile ambayo unaona kila waya umeingia kwenye pini yake. Heri zaidi utumie plagi ya SATA inayotoka kwenye pawasaplai yenyewe.

Kufunga si kazi ya fundi. Zima, chomoa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi umeme uliobaki uishe. Bonyeza klipu hadi mwisho ndipo uvute, ukishika kichwa, si waya. Ule ulimi wa plastiki wenye umbo la L kwenye diski ukivunjika umepoteza diski. Badilisha waya tu, acha poti ileile, kisha pima C7. Ukibadilisha waya na poti kwa pamoja, kosa likiisha hutajua lilikuwa wapi. Usiukunje waya kwa pembe kali wala kuufunga kwa zip tai hadi ukabonyea: jozi za ndani hutegemea umbali usiobadilika kati yake, na mkunjo mkali huuharibu umbali huo.

Poti nayo ichaguliwe. Idadi ya poti zenye kasi hutegemea chipseti, ile chipu kuu ya madabodi. Kwenye mashine za chipseti ya Q77, kama Dell OptiPlex 7010, ni poti mbili tu zenye gigabiti 6; SSD iende huko, DVD ihamie kwingine. Chipseti ya H61 haina hata moja. Na kama mashine ni ya mwanzoni mwa 2011 yenye chipseti ya Intel ya mfululizo wa 6, kumbuka Intel walitangaza Januari mwaka huo kwamba poti za gigabiti 3 zina kasoro inayozifanya zichoke taratibu; poti namba 0 na 1 hazikuguswa. Nyingi zilirudishwa, ila mtumba ni mtumba, kwa hiyo tumia hizo mbili.

Laptopu zina habari tofauti kidogo: badala ya waya kuna utepe mwembamba uliochapwa, na MacBook Pro ya inchi 13 ya 2012 inajulikana kwa kuuchosha. Hapo nunua utepe wenye namba ileile iliyochapwa kwenye ule wa zamani, herufi kwa herufi.

Ukishabadilisha waya, ukahamisha poti, na C7 bado inapanda, jaribu plagi nyingine ya umeme, kisha diski hiyo kwenye kompyuta nyingine. Ikiendelea kupanda huko nako, kiunganishi au bodi ya diski ndiyo mbovu. Kama ina warantii, ipeleke dukani na picha mbili za CrystalDiskInfo, ya kabla na ya baada, zenye tarehe.