Mizani ya mfukoni ya gramu 0.01: inameza chumvi mchana kweupe

Nimeinunua Kariakoo juzijuzi tu, kwa mazoezi ya vipimo nyumbani. Nyota moja, na hiyo moja ni ya mfuniko wake.

Weka kisahani, bonyeza TARE isome 0.00, kisha nyunyiza chumvi kidogo kidogo kwa ncha ya kijiko. Unanyunyiza, 0.00. Unaongeza, 0.00. Chumvi unaiona kwa macho, mizani haiioni! Halafu ghafla inaruka 0.04 na kuendelea kama vile haijafanya kosa.

Njia ya mwongo ni fupi. Kisahani kitupu, bila TARE, kilikuwa gramu 12.40. Nikabonyeza TARE, nikanyunyiza mpaka ikasoma 0.50. Nikatoa vyote, nikaizima, nikaiwasha, nikarudisha kisahani na chumvi yake: 13.08. Yaani chumvi ni 0.68, gramu 0.18 zimemezwa. Iyeyushe, fikisha mililita 50, ujidai una mmumunyo wa asilimia 1, kumbe una karibu 1.4.

Muuzaji nilipomweleza: "Mizani haina shida kaka, shida mikono yako. Wenzako wanapimia dhahabu." Dhahabu! Sonara hanyunyizi pete. Anaiweka mara moja, na kitu kikiwekwa mara moja mizani hii haikosei. Ndiyo maana masonara hawalalamiki.

Kinachokula chumvi ni programu ya kujirudisha sifuri. Ikiwa karibu na 0.00, badiliko dogo la polepole inalihesabu kuwa ni joto au upepo, inalifuta ili tarakimu zitulie. Kikaratasi cha maelekezo hakisemi hata neno.

Dawa yake: achana na TARE. Iache isome 12.40 ya kisahani, nyunyiza hadi 12.90, kutoa utatoa mwenyewe. Mbali na sifuri haimezi. Zima feni, la sivyo tarakimu zinacheza 0.02 hadi 0.03. Uzito wa kisahani uandike kwenye daftari, maana baada ya kama dakika moja inajizima na kusahau kila kitu.

Kwa njia hiyo, lazima niseme kweli, inapima vizuri. Chukua bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yake, vuta maji yaliyokaa chumbani mpaka yakafika nyuzi 30, toa mapovu yote. Lipime limejaa, mwaga, lipime tena. Tofauti inatakiwa iwe karibu gramu 9.96, kwa kuwa mililita ya maji kwa joto hilo ni pungufu kidogo ya gramu. Mara tano nilipata kati ya 9.91 na 9.98, na kwa bomba la plastiki hapo huwezi kuilaumu mizani.

Basi nyota tatu. Lakini jiwe la gramu 100 la kuirekebishia halimo kwenye boksi! Ati linauzwa peke yake, karibu nusu ya bei ya mizani. Mbili. Na ukienda kununua, ukikuta ni yule wa "mikono yako", vuka barabara, duka la mbele wanazo zilezile.