Uzoefu wangu na Clannad: miezi mitatu na tuni moja

Mdogo wangu hajawahi kusoma hata mstari mmoja wa Clannad, hadithi ya Kijapani ninayoisoma kwenye kompyuta. Jumamosi moja alikuwa uani anasuuza nguo, mimi niko ndani mbele ya kompyuta, nikamsikia anaimba puani tuni ya Nagisa, msichana mkuu wa hadithi hiyo, tangu mwanzo mpaka pale inapozunguka na kuanza tena. Hakukosea popote. Wiki tatu alikuwa akiisikia kupitia ukuta, ikamwingia bila yeye kujua. Nami siku hiyo nilikuwa nimeshafika sehemu ya pili ya hadithi, pale mambo yanapoanza kuwa mazito, na ile tuni aliyokuwa anaiimba kwa raha zake ilinifanya niinuke nikafunge dirisha.

Ndipo nilipoelewa kwamba sikununua hadithi peke yake.

Kwa asiyeijua, Clannad ni riwaya ya picha, yaani mchezo wa kompyuta unaosomwa kama kitabu, kutoka Japani, kazi ya kampuni ya Key, iliyotoka Aprili 2004. Unaona picha ya mahali, wahusika wamesimama mbele yako, maneno yanapita chini ya skrini, na kila baada ya muda unachagua Tomoya, kijana anayesimulia hadithi, aseme nini au aende wapi. Niliyosoma mimi ni ile ya Kiingereza iliyoko kwenye Steam, duka la michezo la mtandaoni, tangu 2015. Kiingereza changu ni cha kazini, si cha mapenzi wala msiba, na kulikuwa na kurasa ambazo nililazimika kusoma mara mbili. Mara nyingi muziki ulikuwa umeshanieleza jambo kabla sijamaliza sentensi.

Toleo la kwanza kabisa la 2004 halikuwa na sauti za waigizaji. Zilikuja miaka miwili baadaye na toleo la PlayStation 2. Hebu fikiria. Nagisa amesimama chini ya kilima kinachopanda kwenda shuleni, miti ya sakura imechanua, anajinong'onezea neno "anpan", yaani mkate wa maharage matamu, ili ajipe moyo wa kupanda. Mdomo hautoi sauti. Picha haisogei. Hofu yake, upole wake na ugonjwa uliomrudisha nyuma mwaka mzima, vyote vinabebwa na maandishi na muziki peke yake. Waliotunga muziki huo ni Jun Maeda, Shinji Orito na Magome Togoshi, na Maeda huyo huyo ndiye mmoja wa waandishi wakuu wa hadithi. Kwangu hilo linaeleza mengi. Mtu anayeandika maneno na tuni anajua ni wapi maneno yanyamaze.

Kuna jambo la ufundi lililonichukua muda kulitambua. Kwenye anime, yaani katuni za Kijapani, anayepanga muziki anajua tukio litachukua sekunde ngapi, hivyo kinanda kinaingia mlango unapofunguka na nyuzi zinapanda machozi yanapodondoka. Kwenye riwaya ya picha hajui. Msomaji anaweza kubonyeza haraka haraka, anaweza kwenda kuteka maji akarudi, anaweza kukaa dakika nne akiutazama mstari mmoja. Muziki inabidi uzunguke, na mzunguko wenyewe usichoshe. Kwa hiyo ule wa Clannad hausukumi tukio, unalingoja. Kuna usiku nilisoma sentensi moja ya baba yake Nagisa nikaacha kubonyeza kabisa. Tuni ikapita mara moja, ikapita tena, na safari ya tatu haikuwa tuni ile ile ingawa noti hazikubadilika. Nilikuwa nimebadilika mimi.

Kwenye setingi za mchezo kuna sehemu ya kupunguza muziki, sauti za watu na milio mingine, kila kimoja peke yake. Nilijaribu. Nilihifadhi mchezo kabla ya tamthilia ya shule anayoigiza Nagisa, nikalisoma tukio lote muziki ukiwa sifuri, kisha nikarudi nikalisoma upya kama kawaida. Bila muziki lilikuwa tukio zuri lililoandikwa vizuri. Nilielewa kwa nini Nagisa anaogopa, nilielewa wazazi wake waliacha nini kwa ajili yake. Niliporudisha muziki sikuelewa chochote zaidi ya hapo, ila mikono ilitoka kwenye kipanya nikaiweka mapajani.

Sababu nitaisema bila kuwaharibia hadithi. Nagisa anapenda wimbo wa watoto uitwao Dango Daikazoku, yaani familia kubwa ya dango. Dango ni vidonge vya unga wa mchele vinavyochomekwa kwenye kijiti. Huku kwetu unga huo tungeupikia vitumbua. Kwenye hadithi wimbo huo uliwahi kupendwa na watu wote, kisha ukasahaulika, akabaki yeye na midoli yake. Maneno yake ni ya kitoto kabisa: dango wote wakikusanyika wanakuwa familia ya watu mia moja. Basi melodi ya wimbo huo ndiyo ile ile ya tuni inayoitwa "Nagisa", inayosikika chini kwa chini mnapozungumza naye. Usipokuwa makini hutagundua. Unakaa naye saa nyingi, mnacheka, mnatafuta wanachama wa kundi la maigizo, mnakula mikate ya mama yake isiyolika, na muda wote huo wimbo wa familia unakuingia polepole kama ulivyomwingia mdogo wangu.

Halafu ipo nyingine, ya taratibu, melodi ni hiyo hiyo lakini jina lake lina maana ya kuagana chini ya kilima. Kilima kile kile cha mwanzo. Sitasema zaidi. Nitasema tu kwamba ilipoingia sikuhitaji kusoma maneno ya Kiingereza ili nijue kilichotokea, na kwa muda sikuweza kuyasoma.

Anime ya Clannad niliitazama baada ya kumaliza kusoma. Ni ya Kyoto Animation, msimu wa kwanza ulianza Oktoba 2007 na wa pili, After Story, ukafuata 2008. Nilidhani ingekuwa marudio. Kumbe wana njia yao ya kukufunza wimbo. Msimu wa kwanza, kila kipindi kinapoisha, Dango Daikazoku inaimbwa na mwimbaji aitwaye chata huku majina ya watengenezaji yakipita. Kila wiki. Wengi huruka sehemu hiyo, nawaomba msiiruke. Kwa sababu inapofika siku ya tamthilia, Nagisa anasimama jukwaani akilia, baba yake anaingia ukumbini akipaza sauti kwamba ndoto ya mtoto ndiyo ndoto ya wazazi, naye binti anaigiza mpaka mwisho, kisha anauimba wimbo huo. Mtazamaji anaujua kuliko hadhira iliyoko ukumbini. Umeusikia zaidi ya mara 20.

Msimu wa pili wimbo wa mwisho umebadilishwa, dango wameondoka. Mwanzoni sikuliona hilo kuwa jambo. Baadaye nyumba ya Tomoya inapokuwa kimya kwa namna ile, nikagundua kwamba hata mimi nilikuwa nimenyang'anywa kitu. Karibu na mwisho wimbo unarudi, safari hii kama bembelezi ya kumlaza mtoto, na nilipousikia nilikuwa nimeshika kikombe cha chai kilichokwisha kupoa.

Wimbo wa ufunguzi wa msimu huo, "Toki wo Kizamu Uta" wa Lia, nao umejengwa juu ya tuni ya mchezoni iitwayo "Onaji Takami e". Aliyeanza na anime anasikia wimbo mzuri. Aliyetoka kwenye mchezo anakumbuka mengi kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Hapo ndipo nilipofurahi kwamba nilianza kwa kusoma.

Sasa ya kununua na kusoma. Usitumie spika za kompyuta kama nilivyofanya mimi wiki zile za kwanza. Besi haisikiki na nyuzi zinapiga kama bati. Nilinunua hedifoni za kawaida mtaani, upande mmoja ukafa baada ya siku tisa, nikanunua nyingine nzuri kidogo, na tofauti ilikuwa kubwa. Usiwashe ule mfumo wa maneno kujisomea yenyewe, maana unakunyima haki ya kukaa na tukio mpaka utosheke. Sauti za watu zipunguze kidogo zisifunike muziki.

Si kila kitu kilinipendeza. Tuni za vichekesho ni chache ukilinganisha na urefu wa vichekesho vyenyewe, na katika njia za baadhi ya wahusika, yaani matawi ya hadithi yanayomfuata mmoja mmoja, nilizichoka kabisa. Mchezo wenyewe ni mrefu mno. Mimi, nikisoma usiku baada ya kazi, ulinimalizia miezi mitatu. Na mlango wa mwisho hautafunguka mpaka upite kwanza kwenye hadithi za wengine. Wengi huachia njiani. Vumilia, walau mpaka ufike kwenye "Chiisana Tenohira", wimbo wa mwimbaji riya unaofunga yote.

Mdogo wangu juzi aliniuliza ule wimbo wa puani unaitwaje. Nikamwambia unahusu kitu kama vitumbua, akacheka, akaniambia nimwimbie na maneno. Nikashindwa kupita mstari wa pili. Sasa anataka kuanza kuisoma mwenyewe, na hedifoni amezichukua.