Blue Note kwenye santuri: Tone Poet au Classic Vinyl?

Hii ni misururu miwili ya matoleo mapya ya albamu za zamani za Blue Note, kampuni ya rekodi za jazi. Yote huchongwa na mhandisi wa sauti Kevin Gray, kwa kawaida moja kwa moja kutoka kanda mama za analogi, kwenye santuri za gramu 180. Ndiyo maana tofauti ya sauti ni ndogo kuliko ya bei. Tone Poet, ulioanza 2019 chini ya mtayarishaji Joe Harley, hufyatuliwa katika kiwanda cha RTI, California, na jalada lake la kukunjua ni la kadibodi nene lenye picha za studio ndani. Classic Vinyl hufyatuliwa katika kiwanda cha Optimal, Ujerumani. Jalada ni la kawaida. Anayetaka muziki tu achukue hii ya pili. Albamu adimu zaidi utazikuta Tone Poet.

Santuri ikifika, itazame ikizunguka. Mkono wa sindano ukiyumba kushoto na kulia, tundu halikutobolewa katikati, na noti ndefu za piano zitapepesuka: irudishe. Milio ya kupasukapasuka mara nyingi ni vumbi na umeme tuli; ioshe, kisha ihamishie mfuko laini wa plastiki. Ila piano kwenye rekodi za Rudy Van Gelder, mhandisi aliyerekodi albamu nyingi za Blue Note, ikisikika kama imefunikwa blanketi, usiilaumu santuri. Ndivyo alivyorekodi.