Zeze au Muheme: jina na kurasa za jarida letu la muziki

Mezani yamebaki majina mawili na sampuli mbili za kurasa.

Muheme ni ngoma ya Kigogo inayopigwa na wanawake, ngoma zikiwa zimebanwa katikati ya mapaja. Jina lina kishindo, ila wenzetu waliotoka Mtwara na Kagera walilitamka kila mtu kivyake. Zeze linajulikana kote, lina herufi nne tu, na pale juu ya jalada linajaa upana mzima. Tena zeze ni kimoja cha vyombo alivyopiga marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyeufikisha muziki wa Kigogo mbali ng'ambo. Hapo mimi nimeshaamua.

Kurasa ndizo zilizotugombanisha. Sampuli ya A4 yenye safu tatu na picha kubwa inapendeza ikiwa mezani. Ifungue kwenye simu sasa: ukuze, usogeze kushoto, urudi juu kutafuta safu inayofuata. Nani ana subira hiyo?

Ya A5, yaani A4 iliyokunjwa katikati, ina safu moja. Inasomeka hata ukiwa umesimama ndani ya daladala, na pini mbili za stepla kwenye mkunjo zinatosha. Kasoro yake ni kwamba kila karatasi inazaa kurasa 4, kwa hiyo ni 12, 16 au 20. Ukurasa wa 17 ukitokea, kuna mtu atakatwa makala yake, na atanuna.

Napendekeza Zeze, A5, kurasa 16. Muheme tusilitupe: liwe jina la kurasa za katikati, 8 na 9. Pale karatasi ni moja, picha ya ngoma inatanda pande zote mbili.