Usiku wa filamu wa kina mama Lamu: mia tatu, mkeka, na Nina Menkes

Kuna watu wamekuwa wakiulizana kama huu usiku wa filamu wa wanawake kule Mkomani unafaa ama ni kupoteza pesa, basi mie nimeenda na nitaeleza vile nlivoona. Unafaa. Kiingilio shilingi 300, unapata chai ya tangawizi na kaimati, unaangalia filamu nzima halafu kuna mazungumzo mpaka usiku mwingi. Ni wanawake peke yao, mlangoni amekaa dada mmoja anaangalia nani anaingia na simu zote zinatiwa kwenye kikapu kama vile tunavofanya kwenye kupamba (ile sherehe ya harusi ya wanawake peke yao), kwa hivo mtu avua buibui lake akae kwa raha zake bila wasiwasi wa kujiona kwenye status ya mtu kesho asubuhi.

Mahali penyewe ni nyumba ya zamani ya mawe, shuka jeupe limetundikwa ukutani pale kwenye kiwanda (wasio wa Lamu, kiwanda ni ule uwanja wa ndani ya nyumba usio na paa) na sisi tumekaa kwenye mikeka. Picha ya projekta ilikuwa safi sana, siwezi kudanganya. Spika ndio tabu, ni moja tena ndogo, mtu kwenye filamu akisema kwa sauti ya chini husikii kitu, na upepo ukivuma shuka lapepea na nyuso za watu zinapepea nalo. Umeme ukakatika kama dakika kumi. Tulikuwa tuanze baada ya isha tukaanza karibu saa tatu, hilo warekebishe manake kuna waliowaacha watoto na majirani.

Sasa filamu. Inaitwa Brainwashed: Sex-Camera-Power, imetoka 2022, ilionyeshwa kwanza kwenye tamasha la Sundance kule Marekani na mwezi uliofuata Berlin. Mwenye filamu ni Nina Menkes, Mmarekani, mwanamke aliyeanza kutengeneza filamu zake mwenyewe tangu miaka ya themanini. Usiende ukitarajia hadithi. Ni yeye amesimama jukwaani mbele ya watu anasomesha, na vinapita vipande vya filamu zaidi ya 175, nyingi ni zile kubwa kubwa tunazoambiwa ni kazi za mafundi, na yeye anasimamisha kimoja kimoja anasema haya, angalia hapa kamera imewekwa wapi.

Na kilichonifurahisha hababaiki na mambo ya huyu mhusika ni mwema ama ni mbaya. Anashika ufundi wenyewe. Nani anatazama na nani anatazamwa, mwanamke anakatwaje kwenye fremu, miguu peke yake, mgongo peke yake, midomo peke yake, kamera inatembea vipi juu yake, taa inamuangukia vipi, na hayo yote yakikusanyika ndio yanampa nafasi yake kwenye hadithi hata kama kwa maandishi yeye ni daktari ama ndie bosi wa kila mtu. Anasema mambo haya yamerudiwa tangu sinema ilipoanza mpaka tumeyachukua kama ndio kawaida ya kupiga picha, sio uamuzi wa mtu.

Pale kwenye kutembea kwa kamera mie nlikaa wima kwenye mkeka.

Kazi yangu ni video za harusi. Mwaka wa sita huu, Lamu yote, Shela, Matondoni, hata Faza nimeenda. Na kuna ile naanzaga nayo kila biarusi, wateja waijua na wengine waniitia hiyo hiyo, naanza kwenye vidole vya miguu na hina yake, napandisha kamera polepole sana, kwenye nguo, kiunoni nasimama kidogo, kifuani kwenye dhahabu, shingo, halafu uso mwisho kabisa na macho ameyafumba ili wanja na rangi zionekane. Muziki juu. Bwana harusi je? Huyo nampata yuatoka msikitini, yuatembea, yuacheka na wenzake, sauti yake nimeiacha iko palepale. Nna harusi chungu nzima kwenye leptopu na sauti ya biarusi naweza kuihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Menkes anaonyesha kipande cha Raging Bull, filamu ya 1980, wanaume wako kwenye bwawa la kuogelea tunasikia kila wanachosema, mwanamke anaetazamwa twaona mdomo wake unaenda na sauti yake hatuipati. Nlipoona vile nliona kazi yangu ile ile.

Tena mie sina kisingizio cha kusema ni wanaume. Kwenye kupamba hakuna mwanamume hata mmoja ukumbini, mpiga video mwanamke, anaetazama mwanamke, video yenyewe inafungiwa kabatini isionekane na mtu asiyehusika, na bado kamera inatembea kama jicho la mtu ambae hayuko. Nimelifikiria hilo siku nyingi tangu nirudi. Ndani ya filamu anazungumza pia Laura Mulvey, yule Muingereza alieandika mwaka 1975 kwamba sinema imejengwa mtazamaji akae ndani ya macho ya mwanamume hata kama yeye mwenyewe ni mwanamke, na Menkes hawaachi wanawake wenzake, amemtaja mpaka Sofia Coppola, nae ni mtengenezaji filamu, na ule mwanzo wa filamu yake ya 2003 ambao kamera imetulia tu kwenye makalio ya msichana aliyelala. Kwa hivo kuwa mwanamke nyuma ya kamera peke yake hakutoshi, mkono ushazoea.

Mambo ya taa anayosema Menkes nayo ni kweli tupu. Wanaume wamepigwa taa ya pembeni, makunyanzi, jasho, kovu, unaona mtu aliyeishi. Mwanamke amepigwa taa laini uso mzima hauna hata kivuli, hana umri. Sisi tuna taa za duara na filta za simu na tunafanya vile vile kwa mama wa miaka 60, tunamfuta mpaka wajukuu wake hawamjui.

Filamu haina maandishi ya Kiswahili, kuna dada alikuwa anasimamisha kila baada ya muda anatueleza kwa maiki. Alijitahidi, Mungu ampe afya, ila neno lililomsumbua ni ule mtazamo wa kiume, lile wazo la Mulvey, akawa anasema "jicho la mwanamume", na kina mama wakaelewa jicho la hasadi. Bi mmoja akauliza basi twasoma nini kujikinga nalo. Ikabidi tusimame tueleweshane na kusema kweli nlipenda vile ilivotokea, manake sisi hapa tayari twajua kwamba kutazamwa ni kitu kinachoweza kumfika mtu mwilini. Hatukuhitaji mtu wa ng'ambo atueleze hilo. Tulichokuwa hatujakifikiria ni kwamba jicho laweza kuwekwa ndani ya mashine likatazama hata mwenyewe asipokuwepo.

Niseme wazi kwa wanaotaka kwenda na mama zao, filamu ina uchi mwingi. Waandalizi walitwambia mlangoni na yule dada wa leptopu alikuwa anaziba lenzi ya projekta kwa kipande cha kadi sehemu kali, lakini hakuwahi zote. Wanawake wawili waliondoka kimya kimya. Na bi mkubwa mwengine, alikuwa amekaa karibu na mlango wa ndani, akauliza swali ambalo tulilijadili karibu nusu saa: "Wanangu, kama jambo hili ni baya, nae mbona yuaturudilia nalo mara mia?" Mie nadhani nusu ya neno lake ni haki. Huwezi kufundisha mtu kuona mtego bila kumuonyesha mtego, lakini mifano kumi ya kitu kimoja ingetosha mitano, na kuna mahali pa katikati nlihisi natazamishwa tena vilevile, haraka haraka, mwili baada ya mwili. Filamu ni saa 1 na dakika 40 na kitu, ingepunguzwa.

Kuna na pale Menkes anapounganisha mambo matatu, vile wanawake wanavopigwa picha, vile wanavonyimwa kazi kwenye filamu, na vile wanavodhalilishwa na kushambuliwa. Mambo ya kazi nlimkubali moja kwa moja, mie mwenyewe nishaambiwa na mwenye hoteli kwamba droni ataita kijana aje airushe. Ila kutoka kwenye kamera mpaka kwenye kushambuliwa aliruka haraka, nlitaka anipeleke hatua kwa hatua.

Msichana mmoja, nadhani bado yuko chuo, ndie alieleta jambo lililonikaa mpaka leo. Akasema nyinyi mwatafuta mwanamke aliyevuliwa nguo, mbona hamuoni aliyevishwa. Kila video ya matangazo ya Lamu ni ile ile, kichochoro, ukuta wa mawe, punda, halafu mwanamke wa buibui anapita amekupa mgongo mpaka apotee kwenye kona. Hana uso, hana jina, haendi mahali popote, hajabeba hata kapu la samaki. Amewekwa pale kama mlango wa nakshi. Na huyo, akasema, ndie mamangu na shangazi yangu, wanawake wanaojua bei ya kila kitu sokoni na wanaobishana na manahodha. Ukimya ulioingia pale ukumbini ulikuwa mzito. Menkes anasema kukatwa kwenye fremu, sisi hatukatwi, tunafunikwa tukawa kivuli, na matokeo ni yale yale, wewe ni wa kutazamwa sio wa kutazama. Ajabu ni kwamba pande hizi ndizo za Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake mwaka 1858, uso wake hakuna anaeujua na sauti yake tunayo mpaka leo.

Ndio maana lawama yangu kubwa kwa filamu ni kwamba mifano karibu yote ni ya Marekani na Ulaya. Mwaka ule ule wa 1975 Mulvey alipoandika, Safi Faye wa Senegal alitoa Kaddu Beykat, amerudi kijijini kwao na kamera anawapiga wakulima wa njugu kama watu wenye mambo ya kusema, na barua inayosomwa ndani yake ni kwa sauti yake mwenyewe. Na hapa kwetu Kenya Anne Mungai alifanya Saikati 1992, msichana wa Kimasai anaekimbia kuozwa. Nliwaambia waandalizi tafadhalini wekeni hizo mbili na mkilipisha mia tano tutalipa.

Mwisho walituonyesha kama dakika kumi za filamu ya hadithi ya Menkes mwenyewe, Queen of Diamonds ya 1991, na hapo ndipo nlipomuelewa zaidi kuliko kwenye somo lake. Mwanamke anaitwa Firdaus, anagawa karata kwenye nyumba ya kamari Las Vegas, ameigiza dadake Menkes, Tinka. Kamera haimtembelei mwilini. Inakaa tu naye kazini, karata zinatoka, chipu zinasukumwa, wateja wanakuja wanaondoka, yeye uso umechoka mikono inafanya kazi, na baada ya muda wewe mwenyewe mkono wakuuma. Kina mama wawili watatu walisinzia, ni filamu nzito, sikatai. Mie sikupepesa macho.

Jumamosi iliyofuata nlikuwa na harusi Langoni. Sikuanza miguuni. Nlimuomba biarusi nikae nyuma ya bega lake wakati anapambwa nione anachokiona yeye, dada zake wanavogombania kioo, nyanyake yuko kitandani anamwambia maneno kwa sauti ya chini, nikaiacha sauti hiyo bila muziki. Hina niliipiga, lakini mikono ilikuwa inashika kikombe cha chai. Mamake aliponiona nahariri akauliza ile ya polepole iko wapi, akanuna kidogo, nikamuwekea fupi mwisho manake pesa ni yake. Juzi biarusi amenipigia anataka kile kipande cha nyanyake peke yake, kwenye flashi, mama na shangazi zake waligombana nani akae nacho.

Kwa hivo mia tatu yangu imerudi. Wakiita tena nendeni kabla ya saa mbili na nusu mpate mkeka wa upande wa spika, kule nyuma hamtasikia, na mchukue leso ya kujifunika mabegani, kiwanda usiku kina umande.